Wasifu wa Marehemu Msabah Hamid Jecha, Aliyekataa Pembe za Picha Ziwe Giza

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye mbele yake hapana mja aliye pembeni. Kwetu si desturi kusoma wasifu makaburini, basi huu unasomwa hapa nyumbani kwake Mtoni baada ya hitima, na kila mmoja atapewa karatasi aende nayo. Marehemu alisemewa uongo hadharani akiwa hai. Hatukubali asemewe uongo na akiwa kaburini.

Marehemu Msabah Hamid Jecha alizaliwa Mkokotoni, Kaskazini Unguja, tarehe 17 Aprili 1956, mtoto wa nne wa Mzee Hamid Jecha na Bi Mize Wakil. Alikhitimu Kurani chuoni akiwa na miaka kumi na mmoja. Skuli alisoma hapo hapo Mkokotoni, akaacha Kidato cha Tatu mwaka 1974 baba yake alipofariki.

Mwaka 1975 aliingia kazini kwa Mzee Anuar, aliyekuwa na studio ya picha Mkunazini. Alianza kwa kuosha sinia za dawa ya kusafishia picha, na baada ya miaka michache harusi zote alipiga yeye. Mwaka 1986 mgeni mmoja aliyekuja kupima majumba ya Mji Mkongwe aliiachia studio kamera ndefu ya filamu. Picha yake moja ilikuwa na upana karibu mara tatu ya kimo chake, na filamu nzima ilitoa picha nne tu. Lenzi yake ilikuwa pana, ikichukua ukoo mzima bila ya mtu kubanwa. Lakini ilikuwa na kasoro ya lenzi pana zote: mwanga hufika mwingi katikati ya filamu, na hupungua kila unapokwenda pembeni. Wa katikati wanaonekana wako mchana, wa pembeni kama magharibi imewaingilia.

Dawa yake Marehemu aliitafuta mwenyewe. Kwanza alibana tundu la lenzi mpaka likawa dogo. Kisha mbele ya lenzi huwekwa kioo kilichotiwa weusi katikati na kuachwa kitupu kandoni, ili kati isipate zaidi ya haki yake. Kioo hicho hula mwanga, kwa hivyo kamera lazima ikae juu ya stendi na watu wasitikisike. Unguja hakikupatikana. Akatengeneza chake kwa masizi ya kibatari.

Idi Mosi ya mwaka 1987 aliupanga ukoo wote mbele ya nyumba ya Mkokotoni. Bi Mize alikuwa jikoni, akaja mwisho, akasimama mwisho. Marehemu, kwa mazoea ya kila mpiga picha, alikifuta kioo kwa pindo la kanzu kabla ya kupiga. Masizi yote yakatoka. Kanzu ya Idi ikawa nyeusi, na katika picha mama yake hakuonekana ila pindo la kanga. Bi Mize alipoonyeshwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Ndo mie huyu? Mwanangu, hata jini angeonekana zaidi!"

"Nisamehe, mama. Ntakupiga nyengine."

"Utanipiga. Kwani nnakwenda wapi mie?"

Bi Mize alifariki tarehe 3 Februari 1988, na nyengine haikuwa imepigwa. Picha ya Bi Mize duniani ni ile tu. Marehemu aliisafisha upya mara nyingi, akiziba mwanga huku na kuuongeza kule, lakini kile ambacho filamu haikukipata, chumba cha giza hakikileti.

Tangu hapo kazi hii kwake haikuwa ufundi tu, ilikuwa amana. Mwaka 1991, baada ya kuandika barua nne, aliletewa kioo cha kiwandani. Kwa kioo hicho alipiga soko la Mwanakwerekwe, magofu ya hapa Mtoni, skuli, maulidi na harusi, picha ndefu zaidi ya mia tatu. Picha ikitoka majini alikagua pembe mbili kwanza, kati akaitazama mwisho. Pembe ikiwa giza, aliichana mbele ya mwenyewe, hata kama mwenyewe ameridhika.

Mwaka 1980 alimuoa Bi Ummkulthum Kheir, wakajaaliwa binti mmoja, Nusrat. Waliachana kwa wema mwaka 1994. Tarehe 14 Septemba 1998 alikwenda Jambiani kuwapiga picha wanawake wanaolima mwani, thelathini na wanane, wamesimama safu moja maji yamekupwa. Mwisho wa mkono wa kulia alisimama Bi Mwatum, na hakunyamaza.

"We bwana! Na sie wa huku mwisho tutaonekana, au tunarowa bure?"

"Mtaonekana, bibi. Usitikisike tu."

"Nisitikisike, na kaa ananitembea mguuni? Njoo usimame wewe!"

Safu nzima ikaangua kicheko na picha ya kwanza ikaharibika. Ya pili ilitoka kama alivyotaka: kutoka wa kwanza hadi wa thelathini na nane, nyuso zote wazi, na hereni ya Bi Mwatum inaonekana. Nakala alimpelekea kwa mkono wake. Walioana tarehe 5 Machi 1999, wakapata kijana wao, Munir.

Marehemu aligundulika na kisukari mwaka 2011, na mwaka 2022 figo zikaanza kushindwa. Machi mwaka huu, 2024, hoteli moja ya mjini, ambayo kwa heshima ya kisomo hiki hatuitaji, iliazima negativu zake, zile filamu zenyewe zinazotolewa picha, kwa maonyesho. Waliahidi kuzirudisha baada ya mwezi. Tarehe 18 Agosti, akiwa hawezi kutembea bila ya kushikwa, alikwenda kuziulizia pamoja na Bi Mwatum.

Akaikuta picha ya Jambiani ukutani, ina urefu wa mita nne. Wameitia rangi ya chai. Pembe zote wamezitia giza kwa kompyuta. Chini yake wameandika kuwa ni Zanzibar ya kale na mpiga picha hajulikani. Ya kale! Picha ya mwaka 1998, na waliomo bado wanalima mwani!

"Mzee, wageni wanapenda hivi," alisema kijana mhusika wa pale. "Giza la pembeni linapeleka macho katikati."

"Huyo wa mwisho kulia unamjua?"

"Hapana, mzee. Haonekani vizuri."

"Ndiye huyu niliyekuja naye."

Bi Mwatum akamwambia, "Mwanangu, miaka yote baharini sikuzama. Umekuja kunizamisha wewe, ukutani."

Yule kijana aliahidi kurekebisha. Hakurekebisha, na negativu hakuzirudisha. Marehemu alifariki hapa nyumbani Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo Mwanakwerekwe baada ya laasiri. Hatusemi kuwa picha ndiyo iliyomuua, ajali ya kila mja iko kwa Mola. Tunasema kuwa siku zake za mwisho kila aliyeingia chumbani alimuuliza neno moja, "Zisharudi?", na sote tulilazimika kumjibu bado.

Na jana hoteli ile imetuletea kadi ya rambirambi. Mbele ya kadi wamechapa picha ileile, pembe zake giza, na mjane aliyepewa kadi mkononi ndiye waliyemtia giza! Kadi tumeirudisha. Negativu tunazitaka hapa Mtoni kabla ya arubaini, na picha ile ishushwe. Hatuombi hisani. Nyuma ya karatasi hii tumechapa picha yenyewe, kutoka katika nakala aliyompelekea Bi Mwatum. Wahesabuni. Ni thelathini na wanane.

Marehemu ameacha watu, na tunawataja kwa kuanzia pembeni kama alivyokuwa akikagua yeye: dada yake Bi Sichana wa Tumbatu, ambaye maradhi yamemzuia kufika, Bi Ummkulthum, mama wa mwanawe, ambaye karatasi kama hizi humwacha nje, Kheir, mtoto aliyemlea bila ya kumzaa, wajukuu wanne, Nusrat na Munir, na kati yao mkewe, Bi Mwatum.

Ee Mola, Wewe ndiye Mwenye nuru. Mrehemu mja wako Msabah, mlaze pema, mpanulie kaburi lake, na nuru yako iwafike yeye na mama yake, Bi Mize, mpaka pembeni. Amin.