Msusi Aliyeipandisha Ajenda ya Tisa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka msusi. Ndiyo, msusi wa nywele. Ametutoka wiki iliyopita, na hadi leo baraza la jiji letu haliendeshi mkutano bila kufuata kitu alichokianzisha yeye. Kaeni vizuri, maana habari hii bado inanisisimua.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, viti vitatu na kioo chenye ufa. Kliniki ilikuwa ng'ambo tu, na katikati ulipita mtaro usio na mfuniko. Siku moja wifi yake, mjamzito wa miezi minane, alitumbukia humo. Mtoto alizaliwa salama. Mguu wa wifi haukurudi kama zamani.

Msusi akaliandikia baraza barua. Ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye ajenda ya tisa: kero za wananchi. Ajenda ya tisa, wasikilizaji, ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Siku ya mkutano akafunga saluni, akaenda kukaa kwenye viti vya wananchi. Madiwani wakajadili mapazia ya ukumbi saa nzima. Ikaja chai. Baada ya chai mmoja akatoka kupokea simu, wa pili akamfuata, wa tatu hata hakuaga. Ilipofika ajenda ya tisa, meya akahesabu vichwa, akatangaza kuwa akidi haijatimia. Mkutano ukaahirishwa. Mwezi uliofuata, yaleyale. Miezi saba, yaleyale.

Mwezi wa nane alikwenda na binti yake, akawa anamsuka palepale wakisubiri. Askari wa mlangoni akamwambia hairuhusiwi. Msusi akauliza, kwa upole tu, imeandikwa wapi. Askari akaenda kutafuta, akarudi na kitabu cha kanuni za mikutano, amekipekua chote na katazo hilo hajaliona. Basi msusi akakiazima.

"Mama alitusomesha kile kitabu," anasema binti yake. "Mteja akikaa kusukwa, anapewa asome kwa sauti. Wengine walisinzia. Mama hakusinzia."

Kanuni ya ishirini na mbili ndiyo iliyomnyanyua kitini. Ilisema diwani yeyote, mkutano ukishafunguliwa tu, anaweza kuomba mpangilio wa ajenda ubadilishwe. Diwani yeyote. Yeye hakuwa diwani. Na diwani wa kata yake alikuwa mtu wa haya, miaka minne barazani hajafungua mdomo. Lakini mke wa diwani alikuwa mteja wake. Kichwa cha mama huyo kikiwa kimesukwa nusu, msusi akaweka kitana chini, akamweleza shida yake yote. Jioni ileile mume akaletwa saluni.

Alhamisi ya mkutano ikafika. Diwani akasimama, karatasi mkononi. Meya akamuuliza kama anataka kwenda msalani. Ukumbi mzima ukacheka.

"Mheshimiwa Meya," akasema, "naomba ajenda ya tisa iwe ya kwanza."

Kicheko kikakatika. Meya akauliza nani anaunga mkono. Msusi alimshika binti yake mkono, akaukaza mpaka ukafa ganzi. Ndipo diwani mmoja wa nyuma, bibi mkali, yuleyule aliyeleta hoja ya mapazia, akainua kidole.

"Naunga mkono. Na mimi ule mtaro nauruka kila siku."

Kura zikapigwa. Kumi na mbili kwa kumi na moja. Narudia, wasikilizaji: kumi na mbili kwa kumi na moja!

Katibu akaisoma barua mbele ya madiwani wote, na hakuna aliyepokea simu. Baada ya miezi miwili mtaro ukafunikwa. Wifi akawa wa kwanza kuvuka, anachechemea, mtoto mgongoni. Mwaka huohuo kanuni zikarekebishwa, kero za wananchi zikawa ajenda ya tatu. Ya tatu, mpaka leo.

"Siku ya kura alirudi nyumbani, akaniuliza kama nimekula," anasimulia mumewe, fundi saa. "Kisha akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka akakaa chini."

Kwa mumewe, binti yake, wifi yake na wote waliokalia vile viti vitatu: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Apumzike kwa amani.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Baraza linakutana Alhamisi hii, saa nne asubuhi. Nimempigia katibu kabla ya kuingia studio. Ajenda ya tatu, ameniambia, mpaka sasa haina barua hata moja.