Mama Mawe, Aliyeyajua Mawe ya Figo kwa Macho

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa hospitali mliokaa viti vya mbele, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome maisha ya dada yetu, na imeniomba nisome bila kupandisha sauti, nitajaribu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Mawe, alizaliwa tarehe 9 Julai 1969, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, akamaliza sekondari mwaka 1987, na tarehe 2 Novemba 1991 akahitimu uuguzi, akapangiwa chumba cha upasuaji, ghorofa ya pili.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana, mchomelea vyuma. Shemeji alizoea kututania kwamba mkewe hajui chumvi iko wapi jikoni kwake, lakini anajua kilichomo ndani ya figo za mji mzima.

Hakukosea sana, kwani tangu mwaka 2006, ilipoletwa mashine ya kupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo hadi ndani ya figo, dada alisimama kando ya skrini, akaliangalia kila jiwe kabla halijavunjwa, akaandika daftarini ni la aina gani, kisha akasubiri majibu ya maabara aone kama amepatia. La kahawia iliyokolea, gumu, ni la oksaleti, la rangi ya chungwa ni la asidi ya yuriki, la njano kama nta ni la kurithi, na jeupe chafu, linalomeguka kama chaki iliyoloa, hilo aliliogopa, kwa sababu ni jiwe la maambukizi, limejaa vijidudu, na ukilivunja kwa pupa huku unasukuma kwa nguvu maji ya kusafishia njia ya kamera, vijidudu vinaingia kwenye damu.

Alijaza madaftari manne, na mwaka 2019 akayapeleka kwa mkuu wa upasuaji, akiomba watu wafundishwe kuangalia, akajibiwa mbele ya wenzake, "Kazi yako ni kupanga vyombo, dada, siyo kusoma mawe," na mwezi uliofuata akahamishiwa stoo ya mashuka.

Tarehe 3 Februari mwaka huu alianza kuumwa ubavu wa kushoto, homa ikawa inakuja na kuondoka, picha ikaonyesha jiwe, na tarehe 19 Machi alilazwa kwenye meza ileile aliyoifuta miaka yote, akamwambia mkuu yuleyule, "Daktari, mkiliona ni jeupe, punguzeni maji, msilimalize leo," naye akacheka, "Leo wewe ni mgonjwa, Mama Mawe, tuachie kazi." Muuguzi aliyekuwa kwenye skrini alisema wazi, "Ni jeupe, daktari," akajibiwa, "Jiwe ni jiwe," maji yakaongezwa, jiwe likavunjwa kwa muda wa saa moja na nusu, jioni dada akaanza kutetemeka, na Ijumaa, tarehe 22 Machi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akafariki. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa, ndugu zangu, sikio lililokataa dawa si la aliyekufa.

Majibu ya maabara yalitoka jana, jiwe lilikuwa la maambukizi.

Familia inawashukuru majirani waliotupikia na kulala nasi hapa siku zote tano, wenzake wa stoo ya mashuka, wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi ambao hawakumwachia mkono, na kwa namna ya pekee mama mtaalamu wa dawa ya usingizi, aliyekuwapo kwenye upasuaji ule, aliyekuja nyumbani, akakaa sebuleni, akatueleza yote yaliyosemwa mle ndani, akijua kibarua chake kinaweza kuota nyasi. Kwa daktari aliyeshika mashine hatuna shukrani, tuna barua ya kudai uchunguzi, imeshagongwa muhuri, na nakala yake anayo mfukoni, maana nimempa mwenyewe mlangoni alipokuwa akiingia.

Dada yetu, pumzika kwa amani, sisi bado hatujapumzika.