Hawakupima Dirisha

Benchi letu liko kibarazani kwa Dobi, na bado lina misalaba ya rangi nyeupe iliyochorwa na watu wa manispaa enzi zile za kukatazwa kukaribiana. Amri ya kuichora ilikuja asubuhi na mapema, imegongwa muhuri. Ya kuifuta iko njiani mpaka leo. Seremala, aliyelitengeneza benchi lenyewe, alikuwa akikalia msalaba wa mwisho, juu ya mguu mfupi, akiapa kila siku kuurekebisha. Sasa amelala kwake na homa na kikohozi. Zahanati wamethibitisha ni ule ugonjwa wetu wa zamani, ila aina mpya. Bila uzito wake pale mwisho, benchi linayumba kila mtu anapojitia kusema jambo zito.

— Muhuri, hebu nijibu, Dobi alianza. Hii mpya inashika zaidi au haishiki zaidi?

Alikuwa na swali hilo tangu juzi. Yeye na Seremala ni marafiki wa kufa na kuzikana, lakini Dobi ana pumu, na mkewe kaapa: akikanyaga kwa mgonjwa, asirudi na kifua hicho nyumbani.

Muhuri, karani mstaafu asiyeamini lolote lisilotoka juu, akavaa miwani na kufungua simu.

— Wataalamu wameliangalia kwa kompyuta. Kirusi kina miiba. Seli zako nazo zina vipokezi, pale mwiba unaponasa. Wakachukua mwiba, wakabadilisha kipande kimoja kimoja kama kinavyobadilika chenyewe, wakapiga hesabu: hapa umeng'ang'ania, hapa umelegea.

— Umemng'ang'ania nani? Kinyozi akauliza.

— Hakuna mtu. Ni hesabu.

— Yaani mgonjwa hayupo?

— Angekuwepo angewavurugia hesabu.

— Ndiyo maana wahenga walisema chanda chema huvikwa pete.

— Hiyo imeingiaje hapa, wewe?

— Mwiba ndio chanda, kipokezi ndiyo pete. Sisi tumeposwa tu, hatukuulizwa.

Mama Birika akacheka bila nguvu, akatumiminia kahawa. Siku hizi hata kicheko chake kina uchovu.

— Tatizo ni mapokezi, Muhuri akaendelea. Mwili unahudumia haraka mno. Angekaa pale karani mmoja wa kwetu, kirusi kingeambiwa mhusika yuko kikaoni, kije kesho na nakala mbili.

— Kikirudi na nakala?

— Kinaambiwa fomu imebadilika.

— Kumbe ndiyo maana na chenyewe kinabadilika! Kinyozi akaruka, benchi likayumba. Kimeshawazoea! Mimi nasema kinanasa kwa sababu mapafu yana manyoya. Tungepata wembe mrefu...

— Mgeni siku mbili, Mama Birika akamkata. Ya tatu mpe jembe. Kikishaingia kipewe kazi manispaa. Hakitamwambukiza mtu tena, kitakuwa kinasubiri posho.

— Jamani, nimeuliza, Dobi akasema taratibu. Inashika zaidi au haishiki?

Muhuri akasoma kwa sauti ya ofisini:

— "Baadhi ya mabadiliko huongeza mshiko, baadhi huupunguza, na mengine husaidia kukwepa kinga. Utafiti zaidi unahitajika."

— Ndiyo au hapana?

— Ndiyo. Kwa kiasi fulani, hapana.

— Hata manispaa wangeona haya.

Hapo akatokea binti wa Seremala, barakoa usoni, akasimama mbali kidogo na misalaba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Baba anaendeleaje?

— Hakulala. Kula anakula kidogo, ila anasema kuta zimeanza kumjibu. Na mimi naingia zamu kiwandani. Akatutazama mmoja mmoja. Nani ataenda kukaa naye? Ndani sijaomba mtu. Kiti nimekiweka uani, nje ya dirisha.

Kinyozi akaona kitu cha kuchunguza kwenye kucha zake. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe changu, yakatoka machicha. Mimi nikayashukuru machicha, maana yalinipa pa kutazama.

— Muhuri, Dobi akasema. Hapo kwenye hesabu zao. Mtu akiwa nje, dirishani?

Muhuri akapandisha kidole kwenye simu, akashusha, akapandisha tena. Mwishowe akavua miwani.

— Hawakupima dirisha.

Dobi akanyoosha mkono mlangoni mwa duka. Akazima pasi, akatoa barakoa mfukoni, akaivaa, akaweka na ya pili juu yake. Alipoinuka, benchi zima likaelemea upande wetu.

— Nitunzieni duka, akasema. Na shemeji yenu akinitafuta, mwambieni utafiti zaidi ulihitajika.