Aliyevuliwa Kinyago Mara Mia Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, mtunza jengo wa studio yetu ya katuni, ambaye wote tunamwita Mzee Funguo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Katika kipindi hicho amefungua milango kila asubuhi, amezibua mabomba, na amekamatwa kwa kujifanya mzuka zaidi ya mara mia mbili.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Alipoajiriwa, studio ilikuwa inaanza mfululizo wa katuni za upelelezi: vijana watatu na mbuzi wao wanamkimbiza mzuka kwenye korido, wanamkamata, wanamvua kinyago. Mchoraji alikuwa hajapata sura ya kuweka chini ya kinyago. Mzee Funguo akapita na ngazi yake. Tangu siku hiyo mhalifu akawa mtunza jengo, sharubu zile zile, rundo lile lile la funguo kiunoni.

Katuni hiyo ilipendwa, kisha ikaanza kuigwa kwa utani na wanachuo, na watangazaji wa sabuni, na sisi wenyewe kila mwisho wa mwaka. Mtaalamu mmoja alikuja kutueleza sababu kwa saa mbili. Mzee Funguo, aliyekuwa akisubiri kufunga ukumbi, aliimaliza kwa pumzi moja: hatua zote kila mtu anazijua, kwa hiyo ukibadilisha moja tu watu wanacheka kabla hujamaliza. Akaongeza kwamba ameona wakibadilisha mbuzi, wakibadilisha mzuka, hata korido wakaihamishia mwezini, ila mtunza jengo hajabadilishwa na yeyote. Tulicheka sana. Yeye alitikisa funguo tutoke.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa, saa ya ukutani ya chumba cha mikutano ilitoweka. Bila kuulizana, tuligeuka kumtazama yeye, kwa mazoea tu. Aliandikishwa maelezo ya kurasa tatu, na mkewe akazisikia habari hizo kwa majirani. Siku ya nne fundi saa aliirudisha. Mkurugenzi ndiye aliyempelekea, akasahau. Aliyeitundika tena ni Mzee Funguo, kwa sababu ngazi ni yake. Hakuna aliyemwomba radhi.

Alipoulizwa zawadi ya kuagwa, saa ya mkono aliikataa kwa upole. Aliomba nafasi katika igizo la katuni hiyo tunalocheza leo kumuaga, safari hii awe yeye anayevua kinyago.

Chini yake atamkuta mchoraji aliyemchora, ambaye pia ndiye aliyegeuka wa kwanza siku ile ya saa, na ndiye anayeandika wasifu huu. Katika igizo nina maneno mawili tu, na nimeyachelewesha miaka kumi na miwili: nisamehe, mzee.

Studio nzima inakushukuru. Kapumzike na mama salama salimini. Leo milango tutafunga wenyewe.