Ndege Aliyesikika Msitu wa Wazee

Mgeni rasmi, mkuu wa ujenzi wa barabara, uliyekuja kutufungulia duka letu jipya. Viongozi mlioambatana naye. Majirani zetu: shikamooni, karibuni. Sisi ni wasukaji vikapu kumi na wanne, na wote hatuoni. Risala hii tunaisoma kwa vidole, kwa hiyo tukisita kidogo utuvumilie.

MSITU NA KARAKANA
Karakana yetu imepakana na msitu wa wazee. Tangu enzi za mababu humo hamkatwi hata fimbo. Anayeingia huvua viatu na kunyamaza. Asubuhi upepo ukitokea huko, chumba hunukia majani mabichi na uyoga, mikono ikapunguza kasi yenyewe, na mtu asijue kama bado anasuka au ameshasinzia. Ndege wake tunawajua kwa sauti, aina sitini na mbili.

TULICHOKISIKIA
Mwaka jana mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita shangazi, alisikia mlio wa ndege, akaangusha kikapu akasema, "Huyu nilimsikia mara ya mwisho mama yangu akiwa hai!"

Tukamwita mtafiti wa ndege. Shangazi alipomwigia mlio huo, mtafiti alicheka kwa upole. "Mama, huyo alishatoweka. Misitu yake yote imekwisha."

"Huu haujaisha, mwanangu. Nipe mkono twende."

Wakaketi humo hadi mchana. Sauti ikaja, kama maji yanayomiminwa taratibu kwenye mtungi mtupu. Shangazi alimsikia mtafiti akilia. Baadaye wenzake walikuja, wakakuta jozi tatu za ndege huyo, na aina nane za miti ambayo kwingine kote huku haipo tena.

KINACHOTUTIA HOFU
Mwezi uliopita shangazi alijikwaa kwenye kigingi cha chuma katikati ya msitu, akavunjika kifundo cha mguu. Mpimaji wa barabara aliyekuwa hapo alimwinua, akamwomba radhi. "Barabara inapita hapa, mama. Uamuzi si wangu."

Tangu siku hiyo, kila tukimpelekea chai kitandani huuliza kama mashine zimefika. Nasi tunatega masikio wote.

OMBI
Barabara tunaihitaji kweli. Vikapu vyetu hufika sokoni vimepondeka. Tunaomba ipitie bondeni, kwenye mashamba yaliyoachwa, hata ikizunguka kidogo. Tumeambiwa utatia sahihi mpango wa barabara Ijumaa. Kabla ya hapo, ingia nasi msituni leo, ukae robo saa tu. Shangazi amekataa kubaki kitandani. Tumembeba na kiti chake. Ndiye huyo kushoto kwako, na ndiye atakayekuongoza.

Mungu akujalie afya, na usingizi mtulivu baada ya kuamua.

Ni sisi,
Wasukaji Vikapu Wasioona,
Karakana ya Ukingo wa Msitu.