Josphat Gachau Muigai, Aliyeunda Rali za Kiganjani

Marehemu Josphat Gachau alizaliwa mwaka wa 1960. La, tusahihishe mapema: ni 1961, ule wa mafuriko. Kitambulisho kinasema 1960 kwa sababu aliyemwandikisha alikisia, na Gachau hakupenda kubishana na watu wa meza. Alizaliwa Kiganjo, Thika, mwana wa pili wa marehemu Muigai na marehemu Wamboi, mdogo wa Githae anayewasomea haya. Na yafaa leo kila kitu kisahihishwe, maana tangu Jumanne yamesemwa mengi katika uwanja huu juu ya mjane wake, Mama Muigai, kwamba yeye ndiye aliyempa mumewe kilichomuua. Wasemao wameketi hapa. Wasikilize mpaka mwisho, halafu waamue.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kiganjo, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1975. Pasaka moja, rali ilipopita nje ya Thika, aliona gari la buluu lenye tumbo jeupe likiruka tuta na kumezwa na vumbi lake lenyewe. Kesho yake mama yao alikuta mkebe wa mafuta ya kupikia umekatwakatwa, na ndala yake moja ya pata pata imekatwa kuwa magurudumu. Gachau alichapwa kwa ile iliyobaki.

Mwaka wa 1979 aliajiriwa katika gereji moja ya Ruiru, kazi ya kupiga rangi magari, akazeekea huko. Mchana alipaka magari ya watu. Jioni, chumbani kwake Mwihoko, aliunda yake: bati, sipoki za baiskeli, raba ya viatu, brashi ya nywele za mbuzi. Gari zima lilikaa kiganjani, na ukigeuza usukani kwa ukucha, magurudumu ya mbele yaligeuka. Pua hakufunika. Siku hizo gerejini nani alifunika?

Mwaka wa 1988 ukoo ulikwenda Kamenu kwa ruracio, kumtolea mahari Esther Wanja. Sasa, sisi watu wa huku, rali na lari midomoni mwetu ni neno moja. Mshenga alikuwa ametangulia kusema kijana anaunda rali, na Mzee Kinyanjui, baba ya Wanja, akasikia malori. Wageni walipofika walikuta ua umekatwa upande mmoja, ili lori lipate kuingia.

"Iko wapi?" mzee akauliza.

"Iko nini, baba?" Gachau akauliza.

"Hiyo lari. Ama imekwama barabarani?"

Gachau alitia mkono kotini, akaitoa, akaiweka mezani kati ya vikombe. Shangazi mmoja wa Wanja akajifunika mdomo kwa leso. Wanja, aliyekuwa mlangoni na birika, hakumimina wala hakurudi jikoni. Mzee aliligeuza gari, akalipuliza magurudumu, akagusa usukani.

"Kumbe inageuka," akasema. "Basi hii ni lari changa. Mlishe itakua."

Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Desemba 1989, wakajaliwa Muigai, Wamboi na Kinyanjui. Ua ulizibwa.

Kikohozi kilianza Machi mwaka jana, walipokuwa wamerudi Kiganjo. Daktari alisema mapafu yamechakaa kwa rangi na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ya miaka mingi, na akiendelea kuinusa atakuwa anajikaba mwenyewe. Mama Muigai alikusanya mikebe yote, akaifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso.

Mezani palikuwa na gari moja la kijivu, limepakwa rangi ya chini tu. Ni lile la Pasaka, lililoruka tuta. Alikuwa amelijaribu maisha yake yote na kulivunja kila mara, na safari hii bati lilikuwa limekubali.

"Mama Muigai, nipe ile buluu kidogo."

"Daktari alikuambia nini?"

"Kwamba nitakufa."

"Haya."

"Hata wewe utakufa, na hujapaka hata kigoda."

Hakumpa. Mwanawe Kinyanjui alimletea rangi ya maji, ile ya watoto wa shule. Ikatambaa kwenye bati na kudondoka kama machozi. Gachau akalifunika gari kwa kitambaa, na kuanzia hapo akaacha kula, akaacha na kusema. Alilala akiwa ameketi, maana akilala chali pumzi ilikwama. Githae aliitwa, na mchungaji akaitwa, na wote wawili wakasema mama ana haki.

Jumamosi asubuhi, tarehe 8 Novemba, bila kumwambia mtu, Mama Muigai alitoa meza uani, upande upepo unakotokea. Akamkalisha mumewe, akamfunga leso puani na mdomoni, akafungua sanduku.

"Ukikohoa mara moja, nafunga," akamwambia.

Gachau alizuia pumzi, akapiga mstari, akainua brashi, akavuta hewa. Tena. Githae alikuwa amefika, akasimama langoni akiogopa hata kusalimia. Mama Muigai hakutazama gari. Alitazama kifua cha mumewe, kinavyopanda na kushuka. Kikohozi hakikuja. Buluu ikafika mwisho, na tumbo likawa jeupe.

"Githae," Gachau akasema chini ya leso, "mbona unasimama kama mdai? Njoo uone gari."

Jioni hiyo alikula ugali, akalala chali mpaka asubuhi. Aliaga Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa katika wa mkewe.

Ameacha mjane, Esther Wanja, watoto, Muigai, Wamboi na Kinyanjui, wajukuu, na kaka yake, Githae. Mungu amlaze pasipo vumbi, apumzike kwa amani, Gachau wetu.

Limebaki swali moja tu. Githae alimuuliza daktari, akapekua karatasi zake. Akawauliza wale wanaonong'ona, wakatazama chini, kama wanavyotazama sasa. Ikiwa ni rangi iliyommaliza, ile pumzi ya Jumamosi, ya kulala chali mpaka asubuhi, alipewa na nani?