Mstari Nilioukana

Wa msikitini nawasalimu, wa kanisani nawasalimu, na ninyi madereva mliopumzisha malori hapo barabarani mkaja kukaa nasi kwenye dua hii, karibuni. Mzee aliye nyuma pale aliniambia Kiswahili kinamkumbusha maafande wa zamani, hakipendi. Mzee wangu, nivumilie leo. Hawa madereva wa Kenya hawasikii Lugisu, na Luganda langu mnalijua lilivyo.

Nitasema polepole kwa sababu nimechoka, na si uchovu wa leo. Mimi ni mzaliwa wa Nakaloke, nimeolewa hapa Nkoma, na kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta mpaka mgongo ukatae. Majirani wanadhani nachapa barua za watu. Wacha wadhani. Ukweli ni kwamba kwa miaka kadhaa mimi na mwalimu wangu mmoja wa Jinja tumekuwa tukitunza kitu kinachoitwa maktaba ya usimbaji. Haina vitabu. Ni maandishi ya kompyuta yanayofunga ujumbe ili asiyehusika asiusome, nayo ni huria: mtu yeyote duniani anayachukua bure na kuyatia ndani ya programu yake. Ni kama kisima cha mtaa, ndugu zangu. Kila mtu anachota, wa kufagia ni wawili. Na siku maji yakinuka, wote wanajua nyumba yako iko wapi.

Huyo mwalimu simtaji jina. Ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipokuwa sijui hata kuwasha mashine, na akawa ananiita dada ingawa sisi ni Wagisu na wao ni Wasoga. Tuligawana kazi. Mimi natafuta kasoro na kuzirekebisha, halafu najenga, yaani nayageuza yale maandishi yawe programu inayofanya kazi. Yeye anasoma nilichofanya, akiridhika anakiingiza kwenye maktaba. Mtandao wangu ulikuwa wa kubahatisha, bando linaisha katikati ya kazi. Basi kazi nilikuwa naitia kwenye flashi, naifunga ndani ya bahasha, nampa dereva wa teksi za Jinja pale stendi. Mwalimu anaipokea, anaingiza kazi kwa jina lake, anaifuta flashi na kunirudishia kwa dereva yule yule. Ndivyo tulivyofanya miaka yote, na hatukuona ubaya. Lakini shikeni hilo, kwamba jina lilikuwa lake.

Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu. Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika na kurudi, mashine ilijiona iko mwaka ule ilipotengenezwa. Sasa, maktaba yetu inakagua vyeti. Kompyuta mbili zikitaka kuongea kwa siri, moja inaionyesha nyingine cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine yangu ikitazama cheti cha juzi inasema hiki muda wake haujaanza, inakikataa, na ujenzi wote unaanguka. Narekebisha saa kwa mkono. Umeme unakatika. Narekebisha tena. Siku moja ulikatika mara nne kabla ya adhuhuri, mtoto ana homa, nguo ziko kwenye maji. Nikakasirika. Nikaandika mstari mmoja tu unaosema: tarehe usiulize. Kuna jaribio, yaani kipimo ambacho kompyuta hujiendeshea kukagua kazi yetu, lililopiga kelele kwamba sasa vyeti vilivyokwisha muda vinapita, nalo nikalinyamazisha. Ilikuwa kwa ajili ya mashine yangu tu. Nilikusudia kuufuta ule mstari kabla ya kutuma bahasha.

Sikuufuta. Tena nikampigia mwalimu nikamwambia, "Ni mambo ya ujenzi tu haya, usijisumbue kusoma yote." Akaniamini.

Miezi ikapita. Toleo jipya likatoka, watu wakalichukua. Siku moja mtu wa nchi ya mbali ambaye hatujawahi kumwona akaandika pale mtandaoni tunapojadiliana wote hadharani: maktaba yenu inakubali cheti kilichokwisha muda. Maana yake mtu mbaya aliyeshika cheti cha zamani anaweza kujifanya ndiye mwenyewe, na akafunguliwa mlango. Watu wakaenda kwenye kumbukumbu, maana kila mstari huandikwa nani aliuingiza. Wakakuta jina la mwalimu.

Akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Dada, ule mstari wa tarehe ni wako?"

Ndugu zangu, nawaambia, niliukumbuka herufi kwa herufi. Nikasema, "Sikumbuki."

Akasema, "Haya." Simu ikakatika.

Hapo ndipo nilipoanguka. Mstari niliuandika nimechoka, na uchovu unasameheka. Lile neno nililisema nina akili zangu zote, nimekaa kwenye kiti changu, nimeshiba.

Wanaosimamia pale mtandaoni wakamnyang'anya mwalimu ruhusa ya kuingiza kazi. Mmoja akaandika kwamba mtu kama yule ama ni mzembe ama amenunuliwa. Kituo anachofundisha kompyuta pale Jinja kikasikia, kikamwambia akae nyumbani kwanza mpaka jambo lieleweke, na mkewe ndio kwanza amejifungua. Na mimi je? Mimi nikapewa ruhusa ile ile, nikaombwa nirekebishe. Watu wakaniandikia kunishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea. Banange, jamani, nilishukuriwa.

Kuufuta ule mstari ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini mambo mengine yalikuwa yameshajengwa juu yake. Ukiutoa, huku panaanguka. Ukishika huku, kwenye mashine za zamani panagoma. Wiki tatu nilijenga ikaanguka, nikajenga ikaanguka. Nikisimama kuswali nasahau rakaa. Mume wangu ananiuliza una nini, namjibu ni kazi. Haikuwa kazi. Kila nilipofungua ile kumbukumbu, jina la mwalimu lilikuwa pale linanitazama, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nilijichukia, lakini niliendelea kunyamaza. Semeni mnavyotaka, ndivyo nilivyokuwa.

Nina jirani, nesi kwenye zahanati moja upande wa Busiu. Programu yao ya kutuma majibu ya vipimo ilikuwa imetumia maktaba yetu, na waliposikia habari wakaizima mpaka irekebishwe. Majibu yakawa yanachukuliwa kwa mkono, kwa boda, jua na mvua. Alasiri moja akapita kwangu viatu vimejaa tope. Nikampa chai.

Akasema, "Nasikia ni mtu wa Jinja aliyetufanyia hivi. Leo kuna mama amengoja majibu ya mwanawe tangu asubuhi, nimefika nimemkuta amelala chini kwenye simenti. Huyo mtu, Mungu amlipe anavyostahili."

Nanyi mnajua desturi yetu, wa msikitini na wa kanisani. Mwenzako akiomba, unaitikia. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema amina.

Sikuweza. Nilijua ile dua inanitafuta mimi, na nilijua inatumwa kwa mwalimu. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikasema, "Si mtu wa Jinja. Ni mimi."

Akaweka kikombe chini. Hakunitukana. Akauliza, "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Sasa mimi unaniambia ili iweje?"

Kesho yake nilikuwa Jinja. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapalilia muhogo, mwalimu wa kompyuta na jembe mkononi. Mkewe alikuwa ndani na mtoto, hakutoka kunisalimu. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha, maana ningekaa ningeanza kuuliza habari za mtoto na mvua.

Akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile simu. Nimekufundisha mwenyewe. Wewe hujawahi kusahau mstari."

Nikalia. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema, ungekana mara ya pili, mbele ya watu. Ya kwanza ilinitosha."

Tukaingia ndani. Nikakaa kwenye kompyuta yake, nikaandika pale hadharani, kwa jina langu, kwamba mstari ni wangu, jaribio nililinyamazisha mimi, na nilipoulizwa nilikana. Akasoma kabla sijatuma. Akafuta sentensi moja tu, ile niliyoelezea habari za umeme. Sikubishana.

Majibu yalikuja. Mengine sitayarudia mbele ya watoto. Ruhusa yangu ilikwenda, na kazi yangu sasa inasomwa na watu wawili kabla haijaingia, mstari kwa mstari, na ninaona ni haki. Mwalimu alirudishiwa yake, kituo kikamwita kazini. Yale marekebisho tuliyamaliza pamoja, na zahanati ikawasha programu yake. Kama kuna mtu aliyepita kwenye ule mlango siku ulipokuwa wazi, hatujui. Hilo nalala nalo.

Namshukuru nesi wangu, aliyekunywa chai yangu na hakunifariji. Namshukuru mume wangu, niliyemdanganya wiki tatu na akanipa nauli ya kwenda Jinja bila swali. Mwalimu nilimwalika leo, akasema ana kazi. Simlaumu. Msamaha alinipa siku ile ile. Kuniamini ni jambo jingine, na sijui kama nitaishi kuliona.

Funzo langu ni dogo. Kosa ulilolifanya umechoka, liseme ungali umechoka, kabla hujapumzika na kutafuta maneno. Basi. Kabla hamjaniombea, nina ombi. Kama yupo hapa aliyemwachia mwenzake mzigo wake, na namba ya huyo mwenzake anayo kwenye simu, asiitikie dua yangu kwanza. Atoke nje apige. Sisi tutakaa kimya hapa, tutamngoja.